Pangani kwa wanaotoka Moshi na Arusha: angalia mwezi kabla ya kukata tiketi

Mto Karanga unaopita kando ya Moshi na mto Themi unaokatiza jiji la Arusha maji yao huishia mahali pamoja. Yale yanayobaki baada ya mifongo, ile mifereji ya Wachaga, mashamba ya miwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, na baada ya kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale (megawati 21) na ya Maporomoko ya Pangani (megawati 68), humwagika baharini kwenye mji mdogo mkongwe wa Pangani, mkoani Tanga. Ndiyo maana Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina makao yake Moshi, ingawa mto unamalizikia pwani. Watu wa huku Kaskazini wakitaka bahari hukimbilia Zanzibar au Bagamoyo. Wachache hufikiria kuufuata mto wao hadi mdomoni.

Kwa anayetaka mji wa kale, mto, mikoko na kisiwa cha mchanga katika safari moja ya siku tatu, Pangani inastahili alama nane kati ya kumi. Mbili zilizokatwa ni za usafiri wa kutoka Tanga na za nyumba za wageni, nazo tutazifikia. Ila nane hizo ni za aliyekwenda siku zinazofaa. Aliyekwenda siku zisizofaa atakuta tope ukingoni, kisiwa kimezama na nahodha anayesema "kesho", kisha atarudi akitangaza kwamba Pangani hamna kitu. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Siku zinazofaa hupangwa na mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huingia kwenye bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa pwani ya Tanga hupita mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi maji yamejaa, na yanakupwa saa 10 jioni, tena kidogo tu.

Kwa msafiri maana yake ni hii. Kisiwa cha Maziwe, ndicho kile cha mchanga, huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, na mto hupandwa vizuri maji yakiwa yanajaa. Siku ya bamvua unapata vyote viwili kwa mwanga wa siku moja: asubuhi Maziwe, alasiri mtoni. Siku ya maji mafu hupati hata kimoja kwa ukamilifu. Kwa hiyo lenga tarehe 14 hadi 17 za mwezi mwandamo, au tarehe 29 hadi 2. Huna haja ya programu yoyote ya simu. Pangani mwenye duka yeyote ukimuuliza "leo mwezi ngapi?" atakujibu bila kuangalia ukutani.

Mbali na mwezi kuna pepo. Kusi, unaovuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba, huichafua bahari, hasa Juni hadi Agosti, na huzidi kupanda mchana. Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara. Septemba, Oktoba, na Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya kwenda. Novemba ina vuli, unabahatisha.

Usafiri sasa. Moshi hadi Tanga ni kilomita 350 hivi, Arusha ongeza 80. Panda basi la moja kwa moja la Tanga, si la Dar es Salaam litakalokushusha Segera. Wapiga debe stendi watakuambia ni kitu kilekile, na sicho: mara nyingi utatozwa nauli ya Dar, halafu pale Segera utasimama juani ukisubiri gari la kukumalizia kilomita 70 na ushee hadi Tanga. Kama mabasi ya Tanga yamejaa na huna njia nyingine, patana nauli ya Segera kabla ya kupanda, na uone konda anaiandika kwenye tiketi.

Ondoka mapema iwezekanavyo. Basi linalotoka Moshi saa 12 au saa 1 asubuhi hukufikisha Tanga mchana, nawe ukaunganisha. La saa 4 kutoka Arusha litakulaza Tanga, hiyo ni karibu hakika. Upande wa kukaa ni suala la hiari yako: kushoto una milima ya Upare na baadaye Usambara, pamoja na jua la asubuhi usoni. Kulia una kivuli, mbuga, na bonde la mto uleule unaoufuata. Watu wengi hulala kulia.

Mabasi makubwa yanaishia stendi ya Kange, nje kidogo ya katikati ya Tanga. Hapo ndipo alama ya kwanza ilipopotea. Magari ya Pangani ni madogo, huondoka yakijaa, na jioni huadimika. Ukishuka tu uliza gari la Pangani kabla ya kuuliza chakula. Ujenzi wa barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, ambao kipande chake cha kwanza ni kilomita 50 za kufika Pangani, ndio unaobadilisha hali hiyo. Penye lami unateleza, penye mchepuko unakula vumbi. Funika begi lako kwa khanga au gunia, kwa sababu vumbi huingia hata kwenye zipu iliyofungwa.

Wenye gari binafsi hupenda kukatiza kutokea Muheza, kilomita kama 45 za udongo. Kiangazi inafaa na inakuokoa kuzunguka Tanga. Mvua ikinyesha ule udongo hugeuka sabuni, na gari dogo litaishia kwenye mtaro. Kama una muda, pitia Tanga, maana njia ile ina mambo mawili ya kusimamia. Tongoni, kilomita 20 hivi kusini mwa Tanga, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya Washirazi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo. Karibu na hapo ndipo meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipokwama mwaka 1498, na mwaka uliofuata wakaichoma wenyewe kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Mbele yake ni Kigombe, kijiji cha wavuvi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki yule ambaye wataalamu waliwahi kuamini ametoweka duniani. Usitarajie kumwona, anaishi kwenye vina virefu. Nenda Kigombe kwa ajili ya samaki wa kununua.

Alama ya pili ilipotelea vyumbani. Nyumba za wageni za mjini ni za bei ndogo na za kawaida mno, na kasoro zake zinafanana. Kabla ya kulipa ingia chumbani ufanye haya: fungua bomba uonje tone la maji, washa feni, na ushushe chandarua ukitazame kwenye mwanga. Maji yakiwa na chumvi, sabuni haitatoa povu na nywele zitanata, basi omba ndoo ya maji baridi, ndivyo maji yasiyo na chumvi yanavyoitwa pwani, usije ukadhani unaletewa ya friji. Feni ni lazima, kwa maana mtu aliyezoea Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hatalala bila upepo. Chandarua ni lazima zaidi. Malaria ya pwani huwapata kwa nguvu watu wa milimani ambao miili yao haijaizoea. Tundu la chandarua lifunge kwa uzi au mpira. Usikubali ahadi ya kwamba "dada atakuja kupuliza dawa".

Hoteli za ufukweni ziko nje ya mji, kaskazini kwenye ghuba ya Mkoma, na kusini Ushongo, kilomita kama 15 baada ya kuvuka mto. Ni nzuri, ni ghali, na zina kasoro moja kubwa: ukikaa huko hutauona mji. Usiku mmoja au miwili mjini na mmoja Ushongo ni mgawo unaofaa.

Mji wenyewe unatembelewa kwa saa tatu, asubuhi au baada ya alasiri, kwa miguu. Mitaa yake imelala sambamba na mto: mbele kuna forodha na gati la kivuko, nyuma yake mtaa wa Uhindini wenye maduka ya zamani, mabaraza ya mawe na milango ya nakshi. Boma, ambalo mwanzo wake unatajwa kuwa ni jumba la Mwarabu la mwaka 1810, Wajerumani wakaliongezea yao, ndilo jengo la kutazamwa kwa utulivu. Simama mlangoni uangalie nakshi kwa karibu, na nguzo ya katikati inayofunika upenyo wa mbao mbili. Chumvi ya upepo imekwisha kula ncha za nakshi upande wa chini, lakini juu, mkono wa mtu usipofika, patasi inaonekana kana kwamba ilipita mwaka jana. Waongoza wageni husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo za Boma. Yachukue kama masimulizi, na uombe wakueleze yale yenye ushahidi, kwani hayo yanatosha kumtia mtu baridi.

Kwa mfano: mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, misafara iligeuzwa ikapita nchi kavu kuanzia Kilwa kuja kaskazini, na Pangani ikawa mlango wa kuwavusha watu kwa siri kwenda Pemba. Wengine walibaki hapahapa, kwenye mashamba ya miwa kando ya mto. Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni, na moto ukawaka pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski mwenyewe aliuawa na Wahehe huko Lugalo, Iringa, mwaka 1891. Mwongozaji asiyeujua mkasa huu hastahili malipo kamili. Wanaoujua hupatikana ofisi ya utalii wa utamaduni iliyo ukingoni mwa mto, jirani na kivuko. Wale wanaokuvamia ukishuka tu garini waombe radhi kwa upole, useme umekwisha pata mwenyeji.

Kumbuka pia kwamba njia ya misafara ya pembe kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilianzia hapa. Mwambie mwongozaji unatoka Moshi, utapata nusu saa ya ziada bure.

Kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya pili, hutumia dakika chache tu kwenye maji. Wenda kwa miguu walipe nauli ndogo waingie. Wenye magari wafike mapema, kwani jioni foleni ikikatika umelala ulipo. Daraja jipya lenye urefu wa mita 525 limebuniwa kumaliza habari hiyo. Hata magari yakihamia darajani, vuka kwa chombo angalau mara moja, upande kilima cha Bweni saa 11 jioni. Kutoka juu unauona mji wote na mstari ambapo maji ya kahawia ya mto yanakatana na ya buluu.

Kwenye njia ya Ushongo kuna Kikogwe, na hapo asimame kila aliyepita Korogwe akashangaa mkonge usiokwisha. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, na ikapandwa hapa. Kilimo cha mkonge ulichokiona dirishani mwa basi kilianza na hiyo.

Sasa boti, ambayo ndiyo gharama kubwa na ndiyo penye makosa mengi. Bei hutajwa kwa chombo, si kwa kichwa, hivyo watu sita hadi wanane ni idadi nzuri ya kugawana. Uliza kama bei ina mafuta ndani yake, miwani na mirija ya kupumulia, na ada ya hifadhi. Ada hiyo ni ya serikali, iko peke yake, na hulipwa kwa stakabadhi, kwa kuwa Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Hesabu majaketi ya kuokolea kwa vidole vyako: moja kwa kila mtu, na vifungo vyake vyote vipo. Jaketi lisilo na kamba ya kupita chini ya mapaja humvuka mtoto akitumbukia.

Mtihani wa nahodha ni swali moja. Muulize, "Kapteni, tutoke saa ngapi?" Akijibu, "Saa yoyote unayotaka, bosi," tafuta mwingine. Mwenye kazi yake atakuambia, "Maji yanakupwa saa nne, tutoke saa mbili kasoro." Sababu iko kwenye mlango wa mto. Pale kuna fungu la mchanga. Ukitoka saa mbili au zaidi kabla ya kupwa kabisa, bado kuna kina, na mkondo unaotoka unakusukuma. Unafika Maziwe baada ya saa moja hivi kwa injini, unaogelea kwenye matumbawe, kisha mchanga unazidi kuinuka mbele ya macho yako. Kurudi unasubiri maji yaanze kujaa, nayo yanakuingiza mtoni. Anayerudi mapema, maji yakiwa yamekauka, hugonga mchanga. Ubaya mkubwa zaidi ni kusi kuvuma kutoka baharini huku maji ya mto yakitoka: upepo na mkondo vikikutana uso kwa uso, mawimbi mlangoni husimama wima. Siku hiyo nahodha akisema haendi, usimbembeleze wala usimwongezee hela.

Maziwe haina mti, haina choo, haina tone la maji ya kunywa. Hadi miaka ya 1970 ilikuwa kisiwa hasa chenye mivinje. Miti ikatoweka, mawimbi yakala ardhi, pakabaki fungu la mchanga. Kasa bado wanapanda kutaga, na watunzaji huyahamishia mayai yao ufukwe wa Ushongo, kwani yakibaki yanafunikwa na bahari. Chukua lita tatu za maji kwa kila mtu, mwavuli au turubai dogo, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, na viatu vya mpira. Kwenye matumbawe kuna wale wadudu weusi wenye miba inayokatikia mguuni. Mchangani taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia, kwa hiyo tembea kwa kuburuza nyayo badala ya kunyanyua miguu, naye atakupisha.

Safari ya mtoni ni ya bei nafuu zaidi na, kwa maoni yetu, haisifiwi inavyostahili. Toka saa mbili kabla ya maji kujaa, yaani saa 8 mchana siku za bamvua, upande na maji, ugeuke yakigeuka. Mikoko kwanza, kisha minazi. Utaona vigogo vya minazi visivyo na vichwa vimesimama kama nguzo za umeme. Mto ukipungukiwa na maji ya huku juu, chumvi ya bahari hupanda ndani, na miti ya ukingoni inaonja. Hapo mtu wa Kibosho au Usa River, anayeyatumia maji hayo kule juu, anajiona kwenye kioo. Usioge mtoni na usining'inize mkono nje ya boti. Mamba wapo.

Chakula ni kizuri kwa anayeagiza mapema. Kosa la kawaida ni kurudi kutoka Maziwe na njaa, kisha kusubiri saa mbili. Kabla ya kutoka asubuhi ongea na mama wa mgahawa, "Shikamoo mama, tutarudi saa saba, tuko sita," chagua samaki, acha kianzio. Changu na kolekole hufaa kupaka, yaani kuchomwa na kupakwa rojo la nazi, nguru hufaa kukaanga. Samaki mzuri matamvua yake ni mekundu na ukimbonyeza nyama inarudi. Asubuhi kuna vitumbua, mkate wa kumimina na maharage ya nazi. Jioni kahawa chungu na kashata barazani. Wanaotafuta ndizi nyama na bia kila jioni watahangaika. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, na kula hadharani ni utovu wa adabu. Beba chakula chako ule chumbani, kisha jioni ufaidi futari. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Mjini jifunge khanga, na mabega yafunikwe.

Beba fedha taslimu za kutosha boti na chumba. Mawakala wa simu wapo, lakini wikendi huishiwa na pesa mkononi.

Kurudi, gari la kwanza la Tanga hutoka alfajiri, na tiketi yake ndiyo ya kukata jioni iliyotangulia ili uwahi basi la Moshi. Machungwa ya Muheza usiyanunue wakati wa kwenda, yataiva na kuoza kwa joto la Pangani. Nunua wakati wa kurudi, wavu mzima, na uunyanyue kwanza: chungwa zito ndilo lenye maji, hata likiwa la kijani kabisa. Halafu uweke wavu chini ya kiti chako mwenyewe, kwenye buti la basi yatafika juisi.